Usimnuse shati

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na swali lako pia: umwambie nini mumeo, aliyeacha sigara tangu Jumapili, ili asirudie. Jibu langu ni hili: akirudi kazini usimnuse shati. Mtu mzima hachungwi.

Najua hukuuliza hilo. Lakini nakujua.

Baba yako alianzia kulekule Urambo, kwenye bani la babu yako, lile banda la kukaushia tumbaku. Tumbaku ikishaning'inizwa moto haulali, usiku na mchana karibu wiki nzima, na vijana waliochochea kuni walisokota jani hilohilo wasije wakasinzia. Alipoamua kuacha, ulikuwa darasa la nne, nyumba haikukalika. Chumvi ikipungua, anafoka. Usiku anazunguka uani. Nesi wa zahanati alishatuambia kwamba siku mbili tatu za mwanzo ndizo mbaya, na kwamba hamu ikipanda haidumu, ni dakika chache inashuka. Basi ikipanda tu, namtuma maji kisimani. Wiki ile mapipa yetu yalifurika.

Sasa baba yako mdogo. Akaja, akakaa, akawasha yake, akavuta pafu moja, kisha akamchomekea kaka yake vidoleni. "Kaka, tumbaku ndiyo imekusomesha, leo unaikimbia?" Na ni kweli, ilimsomesha, hata ada zenu zilitoka humohumo. Ndiyo maana iliuma. Baba yako akaitazama ikiungua mpaka majivu yakarefuka, halafu akaitumbukiza, tsii, kwenye kikombe cha mdogo wake. Chai ya maziwa, yenye tangawizi, niliyoipika mwenyewe! Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu jikoni.

Labda wapo wanaotaka kuchungwa. Shangazi yako alificha viberiti vyote, na mumewe akaacha. Aliacha nyumbani; kazini alikuwa anavuta. Hapana, mtu mzima hachungwi.

Akiteleza akavuta moja, usimfungulie kesi. Wengi huacha, wakarudia, wakaacha tena mpaka ikashika. Ikimzidi, aende kituo cha afya aongee nao, si aibu.

Na usiniulize tena kama baba yako mdogo alifanya vile kwa utani au kwa roho mbaya. Mwenyewe anasema utani. Ni shemeji yangu, na nyumba hii anakula. Ninalo langu, ila silisemi. Pasaka mkija, mumeo akae karibu na baba yako, si upande ule.

Mama yako