Masters ya Januari: kwa mnaoanza kutangaza snuka redioni

Wadogo zangu mnaoingia dawati la michezo hapa Kigoma, Januari ikifika mtakabidhiwa habari za Masters ya snuka, mchezo ulio ndugu wa pulitebo, kutoka London, na kishawishi kitakuwa kuzisoma kama matokeo ya ligi: jina, jina, sita kwa tatu, tusonge mbele. Msifanye hivyo. Mji huu una vijiwe vya pulitebo kuanzia Mwanga hadi Ujiji, na wanaoshika fimbo pale kila jioni wanajua mtu anayeuona mchezo na anayesoma karatasi tu.

Mwaka wangu wa kwanza nilisema hewani kwamba bingwa wa Masters amejizolea pointi na kupanda kwenye viwango vya dunia. Kesho yake mzee mmoja wa Ujiji alinisubiri nje ya studio. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, kisha akauliza taratibu: "Mwanangu, kualikwa harusini na kufanya mtihani wa darasa la saba ni kitu kimoja?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Masters ni mashindano ya mwaliko. Wanaitwa 16 walio juu kwenye viwango, na ushindi wao hauongezi hata pointi moja ya viwango. Wanacheza kwa ajili ya fedha, kombe na heshima, na heshima yenyewe si ndogo: Masters, Ubingwa wa Uingereza na Ubingwa wa Dunia wa Sheffield ndiyo mataji matatu anayopimwa nayo mchezaji mkubwa. Ronnie O'Sullivan amelibeba la Masters mara 8, la kwanza mwaka 1995 akiwa na miaka 19, la nane mwaka 2024 akiwa na 48. Ukiyasema hayo, msikilizaji anajua kwa nini watu wanahangaikia mwaliko usio na pointi.

Sasa, meza. Msikilizaji wako anaijua pulitebo, kwa hiyo anzia hapo. Mwambie meza ya snuka ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, mipira ni midogo na matundu ni ya kubana. Nyekundu ziko 15, kila moja pointi 1. Rangi ni sita: njano 2, kijani 3, kahawia 4, buluu 5, pinki 6, nyeusi 7. Ukitumbukiza nyekundu unapata ruhusa ya kupiga rangi, na rangi inarudishwa mezani hadi nyekundu ziishe. Ndiyo maana mchezaji akifuatisha kila nyekundu na nyeusi anapata 15 mara 8, yaani 120, kisha rangi zote sita kwa mpangilio, 27. Jumla 147. Msidhani 147 inamaliza mechi, maana ni fremu moja tu, yaani mzunguko mmoja kati ya kadhaa za mechi: mwaka 1984 Kirk Stevens aliipata kwenye nusu fainali ya Masters na bado akafungwa na Jimmy White.

Kuna zoezi ninalowapa wote wanaokuja kwangu. Kijana mmoja nilimpeleka kijiwe cha Mwanga nikamkalisha akiwa ameipa meza mgongo, mwenzake amtangazie. Mwenzake akapiga kelele, "Imeingia! Imeingia tena!" Baada ya dakika tano nikamuuliza aliyekaa: nani anaongoza, na nyeupe, mpira unaogongwa kwa fimbo, iko wapi? Hakujua lolote. Wachezaji waliokuwa mezani wao walikuwa wakisemezana maneno machache tu: "Nyeupe imerudi katikati," "Huyo kafichwa." Yale maneno machache ndiyo utangazaji. Mpira ulioingia umeshapita. Msikilizaji anataka kujua nyeupe imesimama wapi, kwa sababu hapo ndipo pigo linalofuata linapozaliwa. Na kule kufichwa, nyeupe kukaa nyuma ya mpira mwingine hadi mpinzani asione cha kupiga moja kwa moja, ndiko kunakoitwa snuka hasa. Lielezeni mapema, si fremu ya mwisho.

Jizoezeni pia kuhesabu kilichobaki. Nyekundu mbili mezani na rangi zote: 16 na 27, yaani 43. Anayeongoza kwa 50 hawezi tena kufikiwa kwa kutumbukiza peke yake. Mpinzani lazima amfiche ili afanye makosa, na kosa halipungui pointi 4. Ukiweza kulisema hilo bila kusita, wale wa kijiweni watanyamaza wakusikilize.

Mechi za mwanzo anashinda anayetangulia kufika fremu 6, fainali 10. Zinaanza saa saba mchana na saa moja usiku za London, ambazo kwetu ni saa kumi jioni na saa nne usiku. Hiyo saa nne iangalieni pamoja na mwezi. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wa Kibirizi wako ziwani na taa zao. Mwezi ukiwa mpevu wako nchi kavu, wamejaa vijiweni, na redio iko wazi. Mimi huangalia kalenda ya mwezi kabla ya kupanga usiku gani nitoe dakika tatu na usiku gani niombe kumi.