Usilipie injini ya cc 55 kabla hujaipima hiyo ndege

Usilipe. Kama pesa hujatuma, zuia mkono hapo hapo. Umeeleza kwamba una ndege ya mazoezi ya rimoti yenye bawa la mita 2.2 na uzito unaoukadiria kuwa kilo 6, na kwamba muuzaji amekushauri uifunge injini ya petroli ya cc 55 ili ihimili upepo wa kusi hapo Watamu. Ukauliza pia kiasi cha oili. Ushauri huo huo niliuziwa mimi hapa Malindi, na ndege yangu imekwisha kuwa kuni.

Wauzaji hawa hutazama upana wa bawa peke yake. Ni kweli kwamba ndege ya sarakasi ya mita 2.2 hufungwa injini ya cc 50 hadi 60, kwa sababu hiyo hutakiwa ining'inie wima kwa propela yake, jambo lisilowezekana mpaka nguvu ya kuvuta iuzidi uzito wa ndege. Ndege ya mazoezi haining'inii popote. Nguvu inayofikia nusu au theluthi mbili ya uzito wake huitosha kupaa na kupanda vizuri. Injini ya cc 30 yenye propela ya inchi 18 kwa 8 (upana 18, mwinamo 8) huvuta takriban kilo 7, yaani tayari inaishinda ndege yako nzima. Ya cc 55 huvuta zaidi ya kilo 12, nawe utakuwa umetweka tanga la jahazi katika mtumbwi.

Mimi nililitweka. Injini ile, pamoja na ekzosi na kifaa chake cha cheche, ilizidisha zaidi ya nusu kilo puani, pua ikainama, nami kwa kumsikiliza yule bwana nikafunga chubwi za wavuvi mkiani hadi ndege ikakaa sawa. Ubao wa mbele unaoshika injini ulikuwa plaiwudi ya milimita 6, uliotengenezwa kwa injini ndogo. Injini kubwa ya silinda moja hutetema vibaya zaidi inapozunguka polepole, kwa hiyo kila nilipopunguza mafuta ili nitue, ncha za mabawa zilitikisika hata jicho likashindwa kuzikamata. Nilimpigia simu muuzaji, akanijibu kwamba injini bado inajizoesha. Baadaye nikaona ufa kwenye kona ya ubao, na mbao kando yake imekuwa nyeusi kwa petroli iliyopenya. Nikapaka gundi ya epoksi juu yake, ilhali epoksi haishiki mbao iliyolowa mafuta.

Ubao uling'oka angani, juu ya uwanda ulio nyuma ya Mambrui. Injini ilitua kwanza na ndege ikafuata, kwa hiyo naweza kudai kwamba kwa mruko mmoja nilitua mara mbili. Pua ilikuwa tupu na chubwi zote zingali mkiani, basi ndege iliinua uso, ikasimama hewani, ikaporomoka kinyumenyume, na hakuna kidole kinachoweza kuiokoa ndege iliyofikia hali hiyo. Yule aliyenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa alisema kwamba sikukaza skrubu, kisha, bila haya, akanitajia bei ya ndege nyingine.

Sasa hilo la kusi, ambalo ndilo linalowauzia injini kubwa. Mwendo wa kuukabili upepo hutokana na mwinamo wa propela, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, na wingi wa mizunguko, wala si ukubwa wa silinda. Propela yenye mwinamo wa inchi 8, ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, haiwezi kuivuta ndege kupita kilomita 85 hivi kwa saa. Injini ya cc 30 huzungusha propela ya 18 kwa 8 karibu kiasi hicho, na ya cc 55 huzungusha ya 22 kwa 8 karibu kiasi hicho hicho. Utakuwa umelipia mwendo ule ule, pamoja na uzito zaidi, kasi kubwa zaidi ya kutua, na propela ambayo ncha yake iko sentimita 5 karibu zaidi na mchanga.

Ipime ndege ikiwa kamili, na servo (vijimota vinavyosogeza usukani), betri, magurudumu na tangi lililojaa. Mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki yatosha. Ikiwa haijafika kilo 7 na hutaki sarakasi, chukua cc 30 hadi 35 na usivuke hapo, hata ukipewa ile kubwa kwa bei ya kutupa. Oili, fuata kijitabu cha injini. Ukishapima, andika hapa uzito huo pamoja na umbali wa kutoka kitovu cha propela hadi chini, na muuzaji akikuambia kwamba mizani haina haja, mwulize hiyo cc 55 aliipata kwa kipimo gani.