Ndugu wa Malindi, hilo kufuli usilitie

Nimelisoma swali lako mara ya pili ndipo nikaamini. Umekodi gesti ya ghorofa mbili Malindi, juu mgahawa wa makuti, wafanyakazi wanalala humo humo, halafu unauliza mitungi mingapi ya kuzimia moto inatosha, bima ipi nafuu, na kama ni sawa mlango wa nyuma utiwe kufuli usiku kwa ajili ya vibaka. Si sawa! Tuzungumze mlango.

Gesti niliyokuwa nikiisimamia hapa Lamu ilikuwa na mlango kama huo, unatokea kichochoroni. Jamaa aliyetuuzia mitungi, aliyejiita mshauri wa usalama, alizunguka na daftari lake, akabandika vibandiko vyekundu kila ngazi, kisha akasema mlango ule tuutie kufuli, ufunguo akae nao askari wa zamu. Tukafuata, na tukamlipa. Mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka. Mtu anachukua pesa kulinda roho za watu, kisha anawafungia njia ya kutokea!

Mpira wa gesi ulivuja jikoni, moto ukashika usiku, Kaskazi inavuma. Jiko lilikuwa ubavuni mwa ngazi ya mbele, kwa hiyo mbele hakupitiki. Watu wakakimbilia nyuma, wakakuta kufuli. Askari alikuwa ametoka kununua kahawa, ufunguo uko mfukoni mwake, na kurudi ndani hawezi tena. Moshi wa makuti na boriti unakaba koo, tochi ya simu haikuoneshi hata kiganja chako. Mpishi alishika mchi wa kinu akapiga pale penye pete ya kufuli mpaka ubao ukapasuka. Wote walitoka, alhamdulillahi, ila dada wa usafi aliungua bega na shingo. Ni jirani yangu, hadi leo hawezi kubeba ndoo upande ule. Majirani ndio waliopokezana maji, maana gari la zimamoto haliingii mitaa ya mji wa kale, njia zenyewe ni za punda.

Usikubali kuambiwa kwamba moto ni shauri la mwenye nyumba. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamshika anayelitumia jengo kwa kazi, awe mwenyewe au mpangaji. Inasema wazi kwamba maadamu kuna watu ndani, mlango usifungwe kwa namna ambayo aliye ndani hawezi kuufungua mara moja. Kanuni za moto za mwaka huo huo zinadai pia ukaguzi na mazoezi ya kutoka angalau mara moja kila mwaka.

Weka komeo linalozungushwa kwa mkono kutoka ndani, bila ufunguo, na nje pasiwe na kishikio. Kibaka haingii, mtu wako anatoka. Seremala yeyote hapo Malindi analiweza. Mlango ufunguke kuelekea nje, kreti za soda zisipangwe mbele yake. Kisha zima taa usiku, mwite mfanyakazi mgeni kuliko wote, umwambie atoke peke yake.

Habari za bima wengine watakujibu. Mimi nataka picha ya huo mlango, ndani na nje, kabla hujalaza mgeni wa kwanza.