Usifunge nosi kwenye hiyo Datsun kabla hujapima presha ya petroli

Mkuu, simama hapo hapo. Hiyo advansi ya seti ya nosi uliyompa muuzaji wa Dar idai leo. Akikataa kuirudisha, mwambie aendelee kuushikilia mtungi wake mpaka umalize kusoma hapa.

Umesema Datsun 240Z ya marehemu baba yako imefufuka baada ya kulala bandani Kirumba miaka mingi, na unataka kuifunga nosi, yaani gesi ya naitrasi oksidi inayopulizwa kwenye injini kuiongezea nguvu, ya farasi 75. Ukauliza plagi gani zinafaa, mtungi unajazwa wapi, kabureta za asili zibaki au zitoke, na trafiki watasemaje. Katikati ya maswali yote hayo ukapitisha kijisentensi: fundi amekuambia pampu ya petroli iliyopo inatosha. Mimi pia niliambiwa hivyo hivyo, na sentensi hiyo ndiyo iliyoua injini yangu.

Gari yangu ni ya 1972, injini ile ile L24, silinda sita kwenye mstari, lita 2.4, kabureta mbili. Sababu za kutaka nosi nilikuwa nazo. Hapa Mwanza ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kabla hujaanza kudai chochote. Halafu hii ndiyo gari iliyompa Edgar Herrmann ushindi wa Safari Rally 1971, na Shekhar Mehta mwaka 1973. Unakaa nyuma ya usukani wake, unatoka Mkuyuni unaelekea Nyegezi, unapitwa na Noah iliyojaa abiria na magunia juu. Roho inauma.

Muuzaji wangu aliiona hiyo roho inavyouma, akaifanyia biashara. Akaniambia gesi hii ni salama kabisa, mbona hospitalini wanapewa akina mama wakati wa kujifungua. Ni kweli wanapewa. Lakini mama mzazi hana pistoni za aluminiamu kifuani! Nikamuuliza kuhusu petroli, akacheka, akasema farasi 75 ni kidogo, injini za Datsun ni ngumu, hutabadilisha kitu. Hakuwahi kuifungua L24 hata moja. Nilikuja kulijua hilo baadaye, fedha zikiwa zimeshaondoka.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kila kitu kilipo. Naitrasi yenyewe haiungui. Ikiingia ndani ya silinda na kukutana na joto la nyuzi 300 hivi, inavunjika na kuachia oksijeni. Kwa uzito, asilimia 36 ya gesi hiyo ni oksijeni, wakati hewa ya kawaida ina asilimia 23. Oksijeni hiyo ya ziada inadai petroli ya ziada, na inaidai papo hapo. Petroli ikichelewa, usidhani injini itakohoa tu na kupunguza mwendo. Mchanganyiko unakauka, yaani hewa nyingi petroli kidogo, joto linapanda, petroli inaanza kulipuka yenyewe kabla ya zamu yake, na aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660.

Fundi wangu alikata mpira wa petroli akaweka kiungo cha T. Tawi moja likaenda kwenye kabureta, jingine kwenye solenoidi (vali ya umeme) ya petroli ya nosi. Pampu akaiacha ile ile ya asili, inayosukumwa na kamshafti. Pampu ya umri huo ingekuwa mtumishi wa serikali, barua ya kustaafu ingekuwa mfukoni. Akafunga geji ya presha, akawasha gari, ikasoma psi 4 ikiwa silensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, akanionyesha dole gumba. Karatasi iliyokuja na seti ilitaka psi 6, tena petroli ikiwa inatiririka. Niliisoma ile karatasi. Nikamuuliza. Akasema hao walioandika ni watu wa viwandani, hawajui magari yetu. Nikanyamaza, kwa sababu amenizidi umri na amefanya kazi hii tangu nikiwa shule ya msingi.

Jumapili tukatoka. Tulisimama Igoma kunywa chai, gari ikakaa juani. Kumbuka 240Z mtungi unakaa nyuma, chini ya kioo kikubwa cha mlango wa nyuma, na jua la saa nne linapiga pale moja kwa moja. Kwenye nyuzi 21 mtungi unakuwa na psi 760 hivi. Kwenye nyuzi 32 zinakaribia 1,000. Maana yake tundu lile lile la gesi linapitisha gesi nyingi zaidi kuliko asubuhi, wakati tundu la petroli halijaongezewa hata tone. Hilo nalo hakuna aliyeniambia.

Tukapita Kisesa, barabara ya Musoma ikawa nyeupe. Gia ya tatu, mizunguko 4,000, nikakanyaga mpaka chini, swichi ya nosi ikashika. Sekunde mbili za kwanza, mkuu, sitakudanganya, nilisukumwa kwenye kiti nikapiga kelele za furaha. Ya tatu nikasikia sauti kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo la bati. Nikaondoa mguu. Haikusaidia. Moshi wa bluu ulijaa kioo cha nyuma na oili ikaanza kurushwa kupitia bomba la kupumulia injini. Tulivutwa na Canter mpaka Nyakato.

Tulipovua hedi, pistoni ya tano ilikuwa na tundu unaloweza kupitisha kidole, na ya sita kingo za ringi zilikuwa zimemeguka. Ukuta wa silinda umekwaruzika. Ikabidi kuchonga silinda zote sita, kuagiza pistoni za saizi ya juu kutoka Japani, kufungua na kusafisha mpaka krenki. Gari ilikaa juu ya mawe miezi tisa. Zilinitoka milioni sita na laki nane, na sihesabu bei ya seti. Muuzaji nilipompigia aliniambia nilitumia petroli iliyochakachuliwa. Nilijaza kituo kile kile ninachojaza kila wiki! Nakubali kabisa kwamba mafuta ya taa ndani ya petroli yanashusha oktani na kuiletea injini kugonga, na ndiyo maana mafuta yanawekwa vinasaba, yaani alama ya kugundua uchakachuaji. Lakini chakachua haikuikata petroli yangu katikati ya barabara. Vyumba vya kabureta vilikuwa vikavu, fundi mwenyewe aliviona.

Kwa hiyo plagi: chukua za baridi zaidi, yaani zinazopoteza joto haraka, ngazi moja au mbili. Taiming, yaani wakati plagi inaporusha cheche, rudisha nyuma digrii 2 kwa kila farasi 50 unazoongeza. Kabureta ziache zilivyo. Yote hayo ni bure kama petroli haifiki.

Fanya hivi. Nosi ipate pampu yake ya umeme, bomba lake kutoka tangini, na regyuleta yake ya presha. Chomoa bomba la petroli la nosi kutoka kwenye manifoldi, lielekeze kwenye chombo cha chuma, injini ikiwa imezimwa na hakuna moto wala sigara karibu. Fungua solenoidi ya petroli peke yake, mtungi umefungwa. Soma geji petroli ikiwa inatiririka. Ile namba ya silensa, au ya petroli ikiwa imesimama bombani, isikushughulishe hata kidogo. Kama haifiki ile ya kwenye karatasi, usiendelee. Ikifika, weka swichi ya presha inayokata gesi pale petroli inaposhuka, na geji ibandike mahali unapoiona ukiwa umeshika usukani. Fundi akikuambia hayo ni mambo ya viwandani, mshukuru, mlipe kazi ya siku hiyo, uondoke na gari yako. Hata awe amekuzidi umri kiasi gani.

Hiyo ni gari ya baba yako. Pistoni zinaagizwa, lakini bloku ikipasuka hutapata nyingine yenye namba ile aliyoinunua yeye.

Geji ninayo, na T ya shaba, na chombo cha chuma. Andika hapa Jumamosi gani unaweza, tukutane Nyakato, uje na gari bila mtungi. Tutapima pampu yako nusu saa tu, na utaiona sindano mwenyewe.