Maswali yenu ya heda za PHP: onyo la hosti, Location, kashi na faili za kupakua

Wakuu, maswali ya safari hii yote yanagusa heda, yale maelezo ambayo seva inayatanguliza kwa brauza kabla ya ukurasa wenyewe. Twende.

Uyole, Mbeya: Mfumo wangu wa duka la pembejeo kwenye laptop uko freshi, nikiupandisha hosti unaleta "headers already sent" (heda zimeshatumwa). Tatizo nini?

Mkuu hili linatesa wengi sana. Heda zinatangulia, mwili (yani ukurasa wenyewe) unafuata, seva ikishaachia hata herufi moja ya mwili ndo basi tena, huongezi heda. Sasa php.ini (faili la mipangilio ya PHP) ya kwenye laptop mara nyingi ina output_buffering = 4096, yani PHP inashikilia baiti 4096 za mwanzo kabla ya kuziachia so kosa linajificha humo, huko hosti pengine wameizima na kila kitu kinatoka papo hapo. Soma onyo mpaka mwisho, linataja faili na mstari ulioanza kutoa maandishi, na huo ndo wa kurekebisha, sio ule wenye amri ya header(). Mara nyingi utakuta ni mistari mitupu baada ya ?> kwenye faili la config, au BOM (alama isiyoonekana ya UTF-8) iliyojibandika mwanzoni mwa faili wakati wa kusevu. Faili lenye PHP peke yake usilifunge na ?> kabisa. Watu watakwambia weka ob_start() juu, ile amri ya kushikilia maandishi yasitoke mapema, na kweli onyo litapotea, ila mi naona ni kufunika tu, maamuzi yote yafanye juu halafu HTML ikae chini.

Mafinga: Asiyelogin namrudisha kwenye login kwa heda ya Location, lakini mwenzangu katumia curl (programu ya kuita kurasa kwa amri, bila brauza) kaona data za wateja wote!

Dada, hilo lizibe leo leo. Location ni maelekezo tu kwa brauza, skripti yenyewe haisimami, inaendelea mpaka chini na kumwaga kila kitu, na curl hailazimiki kufuata maelekezo. Weka exit, mara tu baada ya header. Na 302 (kuhamishwa kwa muda) inayokuja yenyewe inatosha, usiweke 301 (kuhamishwa moja kwa moja), brauza huwa inaikumbuka na mteja anaweza kuendelea kurudishwa hata akishalogin.

Mwanjelwa: Kwenye kompyuta ya kafe mtu akilogout, anayefuata akibonyeza kurudi nyuma anaona akaunti yake. Nimeweka heda ya kashi (nakala zinazohifadhiwa na brauza) ya no-cache tayari.

no-cache haikatazi kuhifadhi, inasema tu uliza seva kabla ya kutumia nakala, na kitufe cha kurudi nyuma mara nyingi hakiulizi. Kurasa za akaunti ziwekee Cache-Control: no-store.

Njombe: Ripoti ya viazi ya CSV inafunguka kwenye brauza badala ya kushuka.

Tuma Content-Type: text/csv; charset=UTF-8, kisha Content-Disposition: attachment; filename="viazi.csv", hiyo ya pili ndo inayoiambia brauza ipakue.

Iringa mjini: Ukurasa wangu unaandika "haupo" ila Google bado inauonyesha.

Maandishi yanasema haupo huku seva inatuma 200, yani "upo, kila kitu sawa". Weka http_response_code(404), namba ya "haupo", kabla ya HTML, halafu piga curl -I (inaonyesha heda peke yake) kwenye hiyo anwani uone mstari wa kwanza unasemaje.