Maswali Yenu: Halmashauri Imenyamaza, Tuulize Wapi?

Shikamoo mama. Mimi ni mtangazaji wa redio jamii. Wananchi wa kijiji kimoja walichangishana wakainua boma la zahanati, wakaahidiwa kwamba halmashauri itapaua. Hadi leo linanyeshewa. Nikipiga simu naambiwa niandike barua. Nimeandika kuuliza mradi umefikia wapi, kimya. Nifanyeje?
*Mtangazaji, Kanda ya Ziwa*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya kustaafu nilikuwa afisa habari wa halmashauri, na njia ya barua kama yako naijua. Masjala huipokea, mkurugenzi huandika pembeni "nipatie majibu", kisha inatua kwa mkuu wa idara. Hapo ndipo nyingi hulala. Swali la "mradi umefikia wapi" linamtaka mtu atunge maelezo ambayo kesho atabanwa nayo, na hakuna anayeikimbilia kazi hiyo.

Andika upya, safari hii uombe kitu ambacho tayari kimo kwenye faili. Fedha za kupaua zilitengwa katika bajeti ya mwaka gani? Kiasi gani kimeshaingia, na tarehe ngapi? Mhandisi alipokagua mara ya mwisho aliandika nini? Maswali ya namna hiyo yana majibu ya namba, na ni vigumu kuyazungusha. Taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mwenye taarifa siku zisizozidi 30 za kukujibu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Nakusihi, usiondoke masjala bila muhuri huo; bila huo utawaonyesha nini siku hizo zikipita? Zikipita, omba uamuzi upitiwe upya na mkuu wa taasisi, na usiporidhika sheria inakufungulia rufaa hadi kwa waziri.

Wakati unasubiri, nenda kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Michango ya boma ilipokewa na nani, na risiti ziko wapi? Hayo hayahitaji ruhusa ya mkurugenzi.

Na hili nalisema kwa uchungu. Usitangaze tu kwamba "mkurugenzi hakupatikana". Kina mama waliochota maji ya kufyatulia matofali yale wana haki ya kujua uliuliza nini na lini. Yasome maswali yenyewe hewani, pamoja na tarehe iliyo kwenye muhuri. Nilipokuwa ofisini, kipindi kilichosoma maswali yetu hadharani kilituamsha kuliko barua kumi za malalamiko.

Barabara ya mtaa wetu imekatika. Diwani anasema si kazi ya halmashauri. Anatukwepa?
*Msomaji, Morogoro*

Hapo amesema kweli. Tangu 2017 barabara za mijini na vijijini zimo mikononi mwa TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, kama ambavyo maji ya vijijini yalihamia RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, mwaka 2019. Waandishi wengi hupoteza wiki nzima kwenye mlango usio wake. Ila diwani ni mwakilishi wenu: mwambieni aende TARURA yeye mwenyewe, kisha awaletee majibu mkutanoni.

Eti mwananchi wa kawaida haruhusiwi kuingia kwenye kikao cha baraza la madiwani?
*Msomaji, Tanga*

Anaruhusiwa, na mwandishi vilevile. Mtakaa upande wa wageni, mtasikiliza, hamtachangia. Baraza la kawaida hukaa kila robo mwaka. Ulizia tarehe kwa mtendaji wa kata yako. Mtatolewa nje pale tu baraza linapojigeuza kamati, mara nyingi kujadili nidhamu ya watumishi. Subirini mlangoni, maana wakirudi kwenye kikao cha wazi maazimio husomwa.