Kabla hujalivua gari la nyumbani liwe la resi, tafuta mizani

Wadogo zangu mnaokuja gereji na picha za Starlet iliyobaki bodi na usukani, mnauliza, "Fundi, hii inasimama shilingi ngapi?" Swali la bei tuliweke pembeni kwanza. Nieleze kazi yenyewe ilivyo, halafu kila mtu atajua pesa yake inatakiwa iende wapi. Mara nyingi haiendi kule alikodhani.

Tuanze na ukweli wa hapa kwetu. Mtwara hatuna uwanja wa mbio wa lami. Lami ndefu iliyonyooka bila bodaboda ni ya uwanja wa ndege, na ile siyo yetu. Barabara ya Lindi na ile ya kupandisha Newala zina watoto wa shule, mbuzi, na malori ya korosho msimu ukifika. Kwa hiyo gari tunalozungumzia hapa ni la eneo lililofungwa: kiwanja kipana ulichopewa kwa ruhusa ya maandishi, koni zimepangwa, watazamaji wamewekwa mbali. Au ni la shindano lenye usimamizi, chini ya AAT, chama cha magari cha Tanzania. Ukishatoa mikanda ya kiwandani na mifuko ya hewa, gari halirudi tena mtaani. Linakwenda uwanjani limebebwa. Kama unataka gari la resi siku ya Jumamosi ambalo Jumatatu linampeleka mama hospitali ya Ligula, basi fanya breki, matairi na shokapu, uishie hapo. Viti usiviguse.

Sasa mizani. Mkoa huu mizani haikosekani, kila ghala la chama cha msingi lina ya kupimia magunia ya korosho. Nje ya msimu, ongea vizuri na mtunza ghala, utaazimwa. Kila unachokitoa kwenye gari kipime, ukiandike kwenye daftari. Upande wa pili wa ukurasa andika kila unachokiweka. Uzito mtupu wa gari unaupata kwenye kadi yake. Starlet ni kama kilo 800 hadi 900 kutegemea aina, IST inazunguka kwenye tani moja. Bila daftari utajikuta unakata chuma cha maana ili uokoe gramu, huku tangi limejaa mafuta. Lita 40 za petroli ni karibu kilo 30. Nimemwona mtu anatoboa matundu kwenye mabano ya dashibodi kwa siku nzima, na kwenye buti bado kuna tairi la akiba, jeki na spika mbili kubwa.

Ninachotaka mkishike ni hiki: kilo mnazotoa ni mtaji, na mtaji huo una pa kwenda. Utatumika kununulia kizimba (fremu ya mabomba ndani ya gari inayomkinga dereva likipinduka), kiti, mkanda na mtungi wa kuzimia moto. Kinachobaki baada ya hapo ndiyo faida.

Vya kutoka bila mjadala ni tairi la akiba na vifaa vyake, kiti cha nyuma, kapeti, redio, plastiki za buti, na kiti cha abiria kama utaendesha peke yako. Hapo kazi ni ya spana tu. Lami ya kuzuia kelele iliyobandikwa sakafuni nayo inatoka, ila ina adha yake. Huko mtandaoni utaona Wazungu wanaimwagia barafu kavu, yaani gesi ya kaboni dioksidi iliyogandishwa, nayo lami inapasuka kama biskuti. Barafu kavu ina nyuzi 78 chini ya sifuri. Barafu ya samaki ya feri haifiki hata karibu, itakulowesha sakafu bure. Kwa jua letu lami inakuwa ulimbo, kwa hiyo usipapase nusunusu. Ipashe kwa bastola ya hewa moto kipande kwa kipande, ibandue na kwangua pana, mabaki yafute kwa mafuta ya taa milango ikiwa wazi, na asiwepo mtu anayechomelea karibu.

Lami ikishatoka ndipo unalijua gari ulilonalo. Magari ya Shangani na Mikindani yanakula upepo wa chumvi mwaka mzima, na mengine yalishakula chumvi ya kuyeyushia theluji huko Japani kabla hayajapanda meli. Gonga sakafu kwa kishikio cha bisibisi, halafu gonga kingo za chini ya milango na pale kichwa cha shokapu kinapofungwa. Ukisikia mlio mfu au chuma kikabonyea, simamisha kazi. Kizimba kikichomelewa kwenye kutu kinang'oka kizima siku gari likipinduka. Ni afadhali ununue bodi nyingine iliyo kavu. Mimi kwa mradi huu nitachukua gari lenye injini mbovu na bodi nzima kuliko kinyume chake.

Visivyotoka: chuma kilichojificha nyuma ya bampa, vyuma vya ndani ya mlango vinavyokinga ubavu, na kipande chochote kinachounganisha upande mmoja wa bodi na mwingine. Grinda ni kifaa kitamu sana mkononi mwa mgeni, ndiyo maana siku za mwanzo naifungia kabatini.

Mifuko ya hewa si kazi ya kujifunzia. Waya zake mara nyingi zina soketi za njano. Kabla hujaigusa, toa terminali hasi ya betri na usubiri. Toyota wanataka angalau sekunde 90, mimi nasubiri muda wa kunywa chai. Mfuko uliotolewa huwekwa uso juu, mbali na moto, na usiupime kwa mita ya umeme kabisa.

Tukija kwenye vinavyoingia, kizimba ndicho kinachowapotosha wengi. Kijana anakwenda dukani, ananunua bomba la maji la mabati, anamkabidhi mchomeleaji wa madirisha. Bomba lile lina mshono, na zinki yake ikichomwa inatoa moshi unaompa fundi homa. Kanuni za FIA, shirikisho la magari la kimataifa, zinataka bomba la chuma lisilo na mshono: upinde mkuu nyuma ya dereva kipenyo milimita 45 na unene 2.5, au 50 kwa 2.0, mabomba mengine 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Lile la 45 lina kama kilo 2.6 kila mita, kwa hiyo kizimba kamili kinavuka kilo 30 kirahisi. Kila mguu unakaa juu ya sahani ya chuma, isiyopungua unene wa milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 120, ili mzigo usitoboe sakafu. Bomba la aina hiyo huku kwetu utaagiza Dar. Hakuna njia ya mkato, na fundi akikwambia "hili la mabati linatosha", mwombe akae ndani wewe ulipindue.

Mkanda wa mbio bila kizimba ni hatari kuliko mkanda wa kawaida. Paa likibonyea, mkanda wa kawaida unakuachia nafasi ya kulala pembeni. Ule wa mbio umekushikilia wima, shingo inasubiri paa. Vinafungwa pamoja au visifungwe kabisa. Mikanda ya mabega ielekee nyuma ikishuka kidogo, isizidi nyuzi 45. Na soma lebo: viti na mikanda ya mbio ina mwisho wa matumizi, na vya mtumba vingi vinafika vikiwa vimeshapita.

Breki sasa. Joto linalobebeshwa breki linapanda sawasawa na uzito, lakini kwa mwendo linapanda kwa kipeo cha pili. Chukua gari la kilo 1,000, litoe kilo 100: joto limepungua asilimia 10. Lakini gari jepesi linakimbilia kona kwa kasi zaidi. Kama mwanzo lilifika na 100 na sasa linafika na 105, ile asilimia 10 karibu yote imeliwa. Kwa hiyo pedi za kawaida zilizokuwa zinachoka bado zitachoka. Anza na mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa kustahimili angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka, DOT 4 nyuzi 230. Yakishanyonya maji yanashuka hadi 140 na 155. Nayo yanayanyonya hewani, na hewa ya pwani mnaijua. Nunua chupa ndogo iliyofungwa, mwaga yote ya zamani, na iliyofunguliwa tangu masika usimwekee mtu.

Kuna jambo halionekani kwenye picha. Karibu vyote ulivyotoa vilikuwa nyuma, na gari hizi injini iko mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayolivuta gari. Sasa nyuma pamekuwa pepesi: ukikanyaga breki kwa nguvu matairi ya nyuma yanajifunga mapema, na ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona mkia unakuja mbele kukusalimia. Kuhamishia betri kwenye buti kunasaidia, mradi iwe ya kufungwa isiyomwaga asidi, ndani ya boksi lililofungwa kwa bolti, na waya wake mnene una fyuzi karibu na betri. Gari pia limeinuka. Kukata springi ndiyo dawa ya vijiweni, nami siikubali. Springi iliyokatwa inaweza kuchomoka kwenye kikombe gurudumu likining'inia. Tafuta fupi za kiwandani, halafu alaimenti ifanyike baada ya kuvua, siyo kabla.

Injini iacheni. Plagi, mafuta mapya ya injini hadi alama ya juu kwa sababu kwenye kona yanakimbilia upande mmoja, rejeta safi, na thermostati irudishwe kama kuna fundi aliitoa. Kiyoyozi ukiamua kukitoa, gesi inyonywe na fundi mwenye mashine yake, isifunguliwe hewani.

Siku ya kwanza uwanjani zungusha kidogo, rudi, kagua. Kaza nati za magurudumu, angalia mafuta chini ya gari, kanyaga pedali uone kama imelegea. Tangi lisishuke chini ya robo, maana kwenye kona pampu inavuta hewa. Ukiegesha breki zikiwa za moto, usivute ya mkono. Weka kabari za mbao, fungua boneti. Jioni osha chini kwa maji yasiyo na chumvi, na sakafu uliyoikwangua ipakwe rangi ya kuzuia kutu wiki hiyohiyo.